Jina la Baba Mkubwa na Ibara ya 19

Baba mkubwa alifariki Usangi, katika milima ya Upare, mwaka 1979, na kwa siku moja na nusu hakuna aliyejua azikwe vipi. Alizaliwa katika familia ya Kiislamu akaitwa Yahya. Alipokuwa kijana, akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, alibatizwa na Walutheri akawa Yohana. Na katika miaka yake ya mwisho, alipokuwa hawezi tena kupanda mlima kwenda kanisani, baadhi ya ndugu walisema kwamba walimsikia akitoa shahada. Mwenyewe alikuwa akitania kwamba hakuwahi kubadili jina, kwa kuwa Yahya wa Kurani na Yohana Mbatizaji wa Biblia ni mtu mmoja, ila makarani ndio waliobadilisha tahajia. Siku ya msiba utani huo haukusaidia kitu. Uani kulikuwa na sanda iliyonunuliwa na upande mmoja na jeneza lililoagizwa kwa seremala na upande wa pili, nami, mvulana wa miaka 14 niliyekuwa nikitumwa kuchota maji, nilipita kati ya vitu hivyo viwili mara nyingi kiasi kwamba hadi leo naweza kueleza harufu ya mbao zile mbichi.

Hatimaye mzee wa ukoo aliuliza nani alikuwa na marehemu usiku wa mwisho. Shangazi akajibu kuwa ni yeye. Akaulizwa marehemu alisema nini, akajibu, "Aliomba maji, nikampa. Kisha akauliza kama mbuzi wamefungwa." Hapakuwa na neno lolote la dini ambalo upande wowote ungeweza kulishika. Basi alizikwa katika shamba la ukoo, mbali na makaburi ya kanisa na mbali na ya msikiti, akiwa amevikwa sanda ndani ya jeneza, na juu ya kaburi hapakuwekwa alama yoyote.

Nimefundisha sheria za haki za binadamu, na hasa uhuru wa dini, kwa muda unaokaribia miaka 30, na watu hudhani kwamba nilivutwa na Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu au na mwalimu fulani mashuhuri. Nilivutwa na sanda na jeneza. Nilitaka kujua kama kuna sheria mahali fulani ambayo ingeweza kumjibu mzee yule wa ukoo.

Nilipoingia chuo kikuu mwaka 1985, Katiba ya Tanzania ilikuwa imepata sehemu mpya. Marekebisho ya tano, ya mwaka 1984, yaliingiza orodha ya haki na wajibu muhimu, lakini yakaambatana na sharti kwamba mtu asingeweza kuidai mahakamani hadi miaka mitatu ipite, ili serikali ipate nafasi ya kuzisafisha sheria zake. Kwa hiyo sisi tulisoma haki ambazo zilikuwa zimeandikwa na hazikuwa zimeanza kufanya kazi, na wenzangu walizoea kusema kuwa tunasomea udereva wa gari lililofungiwa gereji hadi Machi 1988. Katika orodha ile niliikuta ibara ya 19, na ndani yake maneno yanayotaja uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake. Niliyasoma mara tatu. Kumbe neno lililotukosesha usingizi Usangi lilikuwa ndani ya Katiba.

Mwaka 1987, tukiwa bado tunangoja gereji ifunguliwe, Kenya nzima ilikuwa ikibishania mwili wa wakili S. M. Otieno. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi na alieleza kwamba marehemu aliishi maisha ya Kikristo, nje ya mila. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka arudishwe Nyalgunga, Siaya. Alizikwa Nyalgunga siku 154 baada ya kufa, kwa amri ya Mahakama ya Rufani. Tulisoma magazeti ya Nairobi yaliyokuwa yakitufikia kwa kuchelewa, tukabishana bwenini hadi usiku wa manane, na wengi walikuwa upande wa mjane kwa sababu ya usasa au upande wa ukoo kwa sababu ya Uafrika. Mimi niliona kitu kingine. Imani ya marehemu, yaani alichokiamini yeye, ilizungumzwa na kila mtu isipokuwa yeye, na mahakama ililazimika kuchagua ni nani kati ya walio hai mwenye haki ya kumsemea.

Kwa tasnifu ya udaktari nilikwenda Uingereza na mada ambayo msimamizi wangu aliiona finyu mno: historia ya neno moja, kubadilisha. Tamko la Desemba 1948 linalitaja waziwazi katika ibara yake ya 18, na halikupita kimya kimya. Saudi Arabia ililipinga, na siku ya kura haikusema ndiyo wala hapana kwa tamko zima. Pakistan, kwa kinywa cha waziri wake wa mambo ya nje, Zafrullah Khan, ililitetea kwa aya ya Kurani isemayo kwamba atakaye aamini na atakaye akatae. Zafrullah Khan alikuwa mfuasi wa Ahmadiyya, jumuiya inayojitambulisha kuwa ya Kiislamu, na mwaka 1974 nchi aliyoisemea ilirekebisha katiba yake na kutamka kuwa Waahmadiyya si Waislamu. Msomaji wa Kiswahili asilione jambo hili kuwa la mbali. Tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa na Waahmadiyya mwaka 1953 ilipingwa vikali na masheikh wa Kisunni huku kwetu, na Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria, alikuwa wa jumuiya hiyo hiyo. Swali la nani mwenye mamlaka ya kusema fulani ni wa dini ipi lilikuwa limekaa mezani petu tangu zamani.

Kadiri miaka ilivyopita, neno langu lilizidi kukonda. Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, unazungumzia kuwa na dini au kuichukua dini aitakayo mtu. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa mwaka 1981 unahakikisha uhuru wa dhamiri na wa dini bila kutaja kubadilisha hata mara moja. Nilikuwa nimeandika sura ndefu, na nathubutu kusema ya kuhuzunisha, kueleza jinsi haki hiyo ilivyokuwa ikifutwa polepole, ndipo mwaka 1993 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilipotoa Maoni ya Jumla namba 22, ikasema kwamba uhuru wa kuwa na dini lazima ubebe ndani yake uhuru wa kuiacha na kuchukua nyingine. Msimamizi aliniwekea nakala kwenye kisanduku changu cha barua bila maelezo yoyote. Niliitupa sura nzima.

Katika miaka hiyo hiyo nilisoma kwa mara ya kwanza habari kamili za Mahmoud Mohamed Taha, mwanafikra wa Kiislamu wa Sudani, aliyenyongwa Khartoum tarehe 18 Januari 1985 kwa kuhukumiwa kuwa ameritadi, yaani ameuacha Uislamu, akiwa mzee wa miaka 76. Mwanafunzi wake, Abdullahi An-Na'im, aliikimbia nchi na akawa mmoja wa wanasheria wanaosomwa zaidi duniani kuhusu Uislamu na haki za binadamu. Kilichonikamata ni sehemu ndogo ya habari ile: mwili wa Taha ulichukuliwa kwa helikopta ukazikwe jangwani, mahali ambapo hapakutangazwa. Nilifunga kitabu nikatoka nje ya maktaba kutembea kidogo katika baridi. Hata watawala wenye jeshi na mahakama walikuwa wameliogopa kaburi lisilokubaliana nao.

Nilirudi nyumbani mwishoni mwa 1997 nikiwa na shahada na majibu mengi. Februari 1998 polisi walifyatua risasi kwenye eneo la Msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, na watu wakapoteza maisha, katika mvutano uliotokana na mihadhara, yaani mahubiri ya hadharani ambamo wahubiri wa Kiislamu walitumia Biblia kujadili uungu wa Yesu, na wahubiri wa Kikristo nao wakajibu kwa namna yao. Wanafunzi walikuja darasani siku chache baadaye wakaketi pande mbili. Hakuna aliyewapanga. Nilisimama mbele yao na maelezo yangu ya historia ya neno kubadilisha, nikajiona kama mtu aliyeleta mwavuli kwenye mafuriko.

Kesi niliyoifundisha kuliko nyingine yoyote ilitokana na mihadhara hiyo hiyo. Hamisi Rajabu Dibagula alishtakiwa Morogoro kwa kusema hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu, akatiwa hatiani chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomwadhibu mtu anayetamka maneno kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mwingine. Alihukumiwa kifungo, Mahakama Kuu ikamwachia huru asiendelee kukitumikia lakini ikaiacha hatia palepale, kisha mwaka 2003 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ikaifuta hatia yenyewe, kwa kuwa mtu anayetangaza kile ambacho dini yake inamfundisha hawezi kuhesabiwa kuwa na nia ya kuumiza kwa sababu tu kuna msikilizaji aliyeumia. Kila jambo lilisimama juu ya neno nia. Ni hukumu nzuri, na kwa miaka mingi niliifundisha kama ushindi, kwa sauti ya ushindi.

Siku moja mwanafunzi mmoja wa kike, aliyekuwa hazungumzi sana, aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, na yule anayesikia?" Akaeleza kwamba mama yake aliuza mandazi na chai karibu na uwanja wa mihadhara, na kwamba kwa miezi mingi alisikiliza kwa kipaza sauti, kuanzia alasiri hadi giza, jinsi imani yake ilivyokuwa ya kipumbavu. Mama hakutaka mtu yeyote afungwe. Alitaka kuuza chai. Nilianza kumjibu kwa kueleza tofauti kati ya maudhui ya maneno na wakati, mahali na ukubwa wa sauti, na wakati nikieleza nilitambua kuwa sijawahi kuifundisha sehemu hiyo ya pili kwa zaidi ya dakika tano, kwa sababu haiamuliwi na majaji. Inaamuliwa na ofisa wa kata anayetoa kibali, na mkuu wa kituo cha polisi anayeamua aende au asiende.

Hapa sina budi kusimulia kosa langu mwenyewe.

Muhula mmoja, ratiba ikiwa imebana, nilipanga jaribio la somo la haki za binadamu siku ya Jumamosi asubuhi. Mwanafunzi mmoja, Msabato, aliniandikia barua ya heshima kubwa akiomba afanye siku nyingine. Nilimjibu kwa maandishi, mistari miwili, kwamba chuo hakina dini na ratiba ni moja kwa wote. Nilijiona mwenye haki, na nadhani nilijiona hata shujaa kidogo, kwa kuwa tulikua na ule usemi kwamba serikali haina dini ingawa watu wake wanazo, na niliuamini. Hakuja. Nikampa sifuri, na akalibeba somo hadi mwaka uliofuata. Somo lenyewe, tafadhali, lilikuwa na mada nzima juu ya ibara ya 19.

Aibu yake inazidi nikikumbuka ninakotoka. Wamisionari wa kwanza wa Kisabato waliingia nchini mwaka 1903 na kuanzia Giti, Upare Kusini, na Mpare yeyote anajua kwamba katika baadhi ya vijiji vya Mamba Jumamosi ni kimya kuliko Jumapili. Nilijua tangu utotoni kuwa kuna watu ambao huwezi kuwaomba wakubebee tangawizi siku hiyo hata uwape nini, na hakuna aliyewaona wakaidi. Nilichohitaji ni kuikumbuka milima ya kwetu, nami nikakumbuka Katiba vibaya.

Aliyenifumbua macho ni mwenzangu wa idara ya hisabati, mtu asiye na hamu yoyote na mambo ya haki. Nilipomsimulia kisa, nikitaraji aniunge mkono, aliniuliza kwa nini sikupanga jaribio Jumapili, kwa kuwa kumbi zote huwa tupu. Nikacheka. Yeye hakucheka. Ratiba yetu ilikuwa imekwisha kumpa kila mtu wa Jumapili nafasi yake bila yeye kuandika barua, ilikuwa imempa mtu wa Ijumaa mapumziko ya saa sita hadi saa nane kwa mazoea ya muda mrefu, na ilikuwa inamtaka mtu wa Jumamosi peke yake ajieleze. Kutokuwa na dini kwa ratiba ile kulikuwa na sura ya watu wengi kuliko wengine.

Nilimtafuta mwanafunzi yule nikamwomba radhi. Alinipokea kwa upole ulionifedhehesha zaidi. Baadaye niliomba kuingia kamati ya ratiba, jambo lililowashangaza wote, kwa sababu ni kamati ambayo watu huikimbia, nikakaa humo miaka sita. Tulikubaliana kwamba barua za maombi zipokelewe wiki mbili kabla na kwamba kuwe na chumba na msimamizi kwa mtihani wa jioni ya Jumamosi, baada ya jua kutua. Gharama ilikuwa posho ya msimamizi mmoja. Nimeandika makala nyingi, baadhi zimenukuliwa na watu nisiowajua, lakini nikiulizwa kazi yangu ya haki za binadamu ni ipi, huwa natamani kutaja posho ile.

Baada ya hapo utafiti wangu ulibadilika. Niliacha kwa kiasi kikubwa kusoma hukumu na nikaanza kukaa kwenye korido. Katiba inasema katika ibara hiyo hiyo kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, huku Sheria ya Jumuiya ikizitaka jumuiya hizo zisajiliwe kwa msajili aliye ndani ya wizara. Kati ya sentensi hizo mbili kuna benchi refu la mbao, na juu yake huketi wachungaji, masheikh na makatibu wao wakiwa na mafaili mapajani. Nilijifunza humo mambo ambayo sikuyaona katika hukumu yoyote: kwamba dhehebu likigawanyika, pande zote mbili hugombea hati ya usajili kwa ukali kuliko zinavyogombea mafundisho, kwa maana hati ndiyo yenye akaunti ya benki na kiwanja, na kwamba mtu aliyezungushwa miezi mingi kwa kukosa kiambatisho kimoja hasemi kuwa amenyimwa uhuru wa dini. Anasema ameambiwa arudi kesho. Ilikuwa vivyo hivyo kwa Mashahidi wa Yehova wa Malawi, waliopigwa marufuku kuanzia 1967 hadi 1993: maelfu wakakimbilia nchi jirani, na kiini cha mateso yao kilikuwa kadi ya chama tawala ambayo walikataa kuinunua.

Sitaki kuficha kwamba kuna mwaka ambao nilikaribia kubadilisha mawazo yangu juu ya usajili. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa na mhubiri wao kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Mungu, wakiwemo watoto wengi. Darasani nilikabiliwa na hasira niliyoielewa: serikali iyachunguze mafundisho ya kila kanisa, na asiyehitimu asihubiri. Tulilijadili majuma mawili. Hoja yangu, ambayo bado naishikilia ingawa si kwa utulivu niliokuwa nao zamani, ni kwamba kumwua mtoto kwa njaa kulikuwa kosa kabla ya Shakahola, na mhubiri mwenyewe alikuwa amekwisha kukamatwa na kufikishwa mahakamani kabla ya hapo, hivyo kilichokosekana hakikuwa ofisa wa kupima teolojia. Mwanafunzi mmoja kutoka Malindi alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, Mwalimu, lakini watoto wamekufa." Sikumjibu. Niliona kwamba jibu lolote ambalo ningempa lingekuwa la kujitetea.

Huulizwa mara kwa mara mimi mwenyewe ni wa upande gani. Katika kila darasa nusu hudhani mimi ni wa nusu ya pili, na nimeliacha jambo hilo lilivyo, si kwa siri bali kwa sababu linanisaidia kujua siku nilipoanza kupendelea: siku hiyo nusu zote mbili huwa na uhakika.

Mwaka jana binti wa baba mkubwa, dada yangu kwa ukoo, alinipigia simu kutoka Usangi. Wamepata fedha kidogo na wanataka kulijengea kaburi kwa saruji na kuweka bamba la jina kabla wazee wanaojua mahali lilipo hawajaisha. "Wewe ndiye uliyesomea mambo haya," aliniambia. "Tuandike nini?" Nilimwomba anipe muda, nikapitia vitabu vyangu, jambo ambalo naona haya kulikiri. Kisha nilimwuliza kama kuna karatasi yoyote ambayo marehemu aliandika jina kwa mkono wake mwenyewe. Alikwenda hadi chama cha ushirika, ambako daftari za zamani za kahawa bado zimehifadhiwa kwenye kabati la chuma, na alikuta saini yake katika msimu baada ya msimu, kabla ya ubatizo na baada yake. Alinisomea kwenye simu. Kila mahali ni herufi Y, nukta, na jina la ukoo.

Fundi ameshapewa vipimo. Ameuliza kama juu ya herufi hiyo kunawekwa msalaba au mwezi na nyota, na dada amemwambia asubiri, watazungumza jioni, shangazi akishafunga mbuzi.